Kazi ya Leta na kazi ya Kompani: nani alilipwa kwa haki?



Kila mwaka, masomo yanapokwisha, vijana wenye diploma ya Leta wanakuja kubisha mlango wa padri. Hawaulizi mambo ya teolojia. Wanauliza hivi: « Padri, nitafute kazi ya Leta ao kazi ya kompani? Wapi wanalipa vema? » Katekista kijijini naye huulizwa vile vile na wazazi wao. Mara nyingi tunajibu upesi: « Nenda pale Mungu atakapokufungulia mlango. » Jibu hilo si baya, lakini ni fupi mno. Kwani ndani ya ulizo la kijana kuna ulizo lingine kubwa zaidi: mtu anayetumikia Leta, ndiyo kusema anayetumikia watu wote, je, amelipwa kwa haki katika inchi yetu, tukimlinganisha na yule anayetumikia tajiri?

Napenda kujibu kwa njia ya historia. Tutaona kwamba franga zinazowekwa mkononi mwisho wa mwezi hazitoshi kupima haki. Lazima kuuliza mambo matatu. Mtu huyu alipewa nini mkononi? Alipewa nini pamoja na franga? Na nani ndiye aliyemlipa kweli kweli? Ulizo la tatu tunalisahau, nalo ndilo kubwa kupita yote.

I. Wakati wa Wabeleji

Bula Matari lilikuwa kwanza jina la Stanley, mvunja mawe. Kisha watu wakaita Leta yenyewe kwa jina lile. Kando ya Bula Matari ilisimama Kompani. Katika Katanga, Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni ilichukua watu kwa miezi michache tu. Walikuja bila wake zao, wengi wakagonjwa, wengine wakatoroka. Mwisho wa miaka ya 1920 Kompani ikabadili njia. Ikafanya mapatano ya miaka 3, ikaruhusu mtu kuja na mke wake, ikajenga nyumba katika kampu, ikatoa posho, ikafungua lopitali, na masomo ya watoto ikayaweka mikononi mwa mapadri Wabenedikto.

Mtu wa kampu alipokea franga chache mkononi, lakini nyumba, unga na dawa vilikuwa pia sehemu ya mshahara wake. Tuseme wazi vile vile: vitu hivyo vilikuwa kamba. Siku mtu alipofukuzwa kazini, alipoteza nyumba, posho na lopitali kwa mara moja. Kompani ililisha, tena ilifunga.

Karani wa Leta alikuwa na heshima nyingine. Alikuwa na kalamu, biro, shati jeupe, na jina lake liliandikwa katika vitabu vya Leta. Kompani iliweza kufunga mlango wakati bei ya shaba inapoanguka. Leta haikufunga mlango wake. Lakini cheo cha karani kilikuwa na mpaka. Hakuweza kupita karani mkuu, hata kama alijua kazi sawasawa na Mzungu aliyeketi mbele yake. Basi wakati ule tofauti kubwa ya mishahara haikuwa kati ya Leta na Kompani. Ilikuwa kati ya mtu mweupe na mtu mweusi, huku na huku.

Jambo la mwaka 1941 linaonyesha vema hali hiyo. Vita ilikuwa imepandisha bei za vitu, na kazi ya migodi iliongezwa. Wafanyakazi Wazungu walijipanga wa kwanza kudai nyongeza, Wakongo wakafuata. Tarehe 9 Desemba 1941, mjini Elisabethville, wagomaji walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari wakapiga bunduki. Makumi ya watu wakafa, na kati yao Léonard Mpoyi, mmoja wa wasemaji wao.

Waliopiga bunduki walikuwa nani? Walikuwa askari weusi, watumishi wa Leta, wenye mshahara mdogo na fimbo mgongoni. Miaka 2 na miezi michache baadaye, katika Februari 1944, askari wa Luluabourg nao wakaasi wakuu wao. Tukumbuke neno hili: maskini wa Leta alitumwa kumpiga maskini wa Kompani, wala yeye mwenyewe hakuwa na hali nzuri kupita yule. Ndiyo sababu ni hatari kulinganisha watumishi wa Leta na watumishi wa matajiri kama maadui wawili.

II. Mseminari mmoja na karani mmoja wa posta

Watu wawili wanaojulikana na wote watatusaidia kuona jambo hili.

Wa kwanza ni Joseph Kasa-Vubu. Alisoma katika seminari kubwa ya Kabwe, katika Kasai, akatolewa mwaka 1939. Akawa mwalimu wa misioni huko Mayombe, kwa mshahara mdogo sana. Mwaka 1941 aliacha ualimu, akaingia katika kompani ya Agrifor, ambako alilipwa vizuri zaidi. Mwaka ule ule akaoa. Mwaka 1942 akaingia kazi ya Leta mjini Léopoldville, katika mambo ya feza, akakaa humo miaka mingi hata akafika cheo cha karani mkuu. Mwaka 1960 akawa Prezidenti wa kwanza wa inchi. Tazameni njia yake: kutoka misioni kwenda kompani, kutoka kompani kwenda Leta. Wa kwanza aliyeshindwa kumweka alikuwa nyumba yetu wenyewe. Tutarudi juu ya neno hilo.

Wa pili ni Patrice Lumumba. Alikuwa karani wa posta huko Stanleyville, tena alikuwa mkubwa wa chama cha watumishi Waafrika wa Leta mjini mle. Mwaka 1956 alishikwa kwa sababu ya feza za posta, akahukumiwa, akafungwa. Alipotoka alikwenda Léopoldville kuuza bia ya kompani moja, na mshahara wake ukapita sana ule wa posta. Simtaji ili kumhukumu ao kumsafisha. Nataka tuone jambo moja tu: mtu yule yule, akili ile ile, mikono ile ile, mahali pamoja alipimwa kwa kipimo kidogo, mahali pengine kwa kipimo kikubwa. Akili yake haikuongezeka siku alipoanza kuuza bia.

Chama kile cha watumishi wa Leta, kilichoitwa APIC, kilianza Léopoldville mwaka 1946. Sauti yake ilikuwa moja: kazi sawa, mshahara sawa. Ilichukua miaka zaidi ya 10. Mwanzoni mwa 1959 ndipo Leta ilipotoa sheria moja kwa watumishi wote bila kutazama rangi. Sheria ilikuja kama mvua baada ya mavuno. Mwaka 1960, katika vyeo vya juu vya Leta zaidi ya 4,000, Wakongo walikuwa 3 tu.

III. Leta moja, mishahara miwili

Uhuru ulipofika, wanasiasa wakaingia katika nyumba kubwa na magari mazuri. Askari wakaambiwa kwamba kwao hakuna kitakachobadilika. Tarehe 5 Julai 1960 wakaasi, na inchi ikatikisika. Hapo pia mshahara na cheo vilikuwa kati ya sababu.

Tarehe 1 Januari 1967 Leta ikachukua mali ya Union Minière. Kompani mpya, iliyoitwa baadaye Gécamines, ikawa mali ya Leta. Hapa tunaona jambo la ajabu ambalo wazee wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi wanalikumbuka vema. Majirani wawili walikaa katika mji mmoja. Mmoja alikuwa karani wa Leta, wa pili alikuwa fundi wa Gécamines. Bwana wao alikuwa mmoja. Lakini fundi alipata posho, nyumba, lopitali na masomo ya watoto. Karani alipata makaratasi ya feza tu. Kwa nini? Kwa sababu Gécamines iliuza shaba ng'ambo kwa dola, na karani alilipwa kutoka sanduku la Leta, kwa feza iliyopoteza nguvu mwaka kwa mwaka.

Katika Juni 1967 zaïre moja ilikuwa na thamani ya franga 1,000 za zamani, ndiyo dola 2. Kisha mwaka 1974 bei ya shaba ikaanza kuanguka. Mwaka 1983 thamani ya zaïre ikapunguzwa vikali. Mwaka 1994 bei zilipanda karibu mara 100 kwa mwaka mmoja. Na nani anayeumizwa wa kwanza na kupanda kwa bei? Si mchuuzi, kwa maana yeye hubadili bei kila asubuhi. Si mkulima, kwa maana muhogo wake uko shambani. Anayeumizwa ni mtu wa mshahara, aliyeandikiwa hesabu moja, anayeipokea ikiwa imechelewa miezi. Fundi mwenye posho alikuwa na kinga kidogo: gunia la unga ni gunia la unga, hata kama feza imekufa.

Katika Septemba 1991 askari wa Kinshasa wakaanza kupora mji, na watu wengi wakawafuata. Katika Januari 1993 wakalipwa kwa noti mpya za zaïre milioni 5, ambazo wachuuzi walikataa kuzipokea. Askari alikuwa na milioni mfukoni, lakini hakuweza kununua mkate. Wakapora tena. Uporaji ni zambi, wala hatuwezi kuuita kwa jina lingine. Lakini mwenye kuhukumu askari asisahau kuhukumu pia mlipaji.

Tusifikiri kwamba Kompani ilibaki paradizo. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, kisha inchi ikaharibika, na katikati ya miaka 1990 tani zile hazikufika hata 50,000. Mafundi wakakaa miezi na miezi bila mshahara. Kuanzia mwaka 2003 zaidi ya 10,000 wakaacha kazi, wakapewa feza ya mara moja ya kumaliza deni lote. Na leo vijana wengi wanaoingia katika migodi ya matajiri hawachukuliwi na kompani yenyewe, bali na kompani ndogo zinazoifanyia kazi, kwa mapatano ya miezi michache. Kazi ya tajiri nayo ina machozi yake.

IV. Nani alilipa?

Sasa tufike kwa ulizo la tatu, na tumchukue mwalimu, kwa sababu mwalimu ni mtu wetu.

Mwisho wa 1974 Leta iliwanyang'anya Wakristu masomo yao. Tarehe 26 Februari 1977 ikafanya mapatano na Eklezya: masomo yabaki ya Leta, Eklezya iyaongoze, na Leta iwalipe walimu. Karatasi ilikuwa nzuri. Lakini katika miaka ya mwanzo ya 1990 mshahara wa mwalimu haukununua hata chakula cha juma moja. Walimu wakagoma, watoto wakabaki nyumbani. Ndipo wazazi wakaanza kutoa feza ili mwalimu arudi mbele ya ubao. Desturi ile iliyoanza kama msaada wa shida ikakaa karibu miaka 30.

Tazameni vizuri kilichotokea. Leta haikulipa, lakini mwalimu alikula. Nani basi alilipa? Mama aliyeuza makala sokoni. Baba aliyeuza mbuzi wake wa mwisho. Na mtoto ambaye wazazi wake hawakuwa na kitu, yeye alilipa kupita wote: alifukuzwa darasani. Ndilo neno ninalotaka tulishike: mshahara usiolipwa na mwenye deni haupotei, unalipwa na maskini.

Ni vile vile katika biro. Karani asiyelipwa ana muhuri mkononi, naye aliambiwa ajisaidie mwenyewe, kama watu wanavyosema kwa kucheka: artikle 15. Basi kila karatasi ikapata bei yake, na matabishi yakawa mshahara. Hapo ndipo kazi ya Leta inapoachana na kazi ya kompani. Fundi wa kompani asipolipwa anaweza kuacha kazi. Wanakijiji hawana deni naye. Mtumishi wa Leta asipolipwa, raia wote wanakuwa mlango wake wa chakula. Tena jambo hili limeleta tofauti ndani ya Leta yenyewe. Yule anayesimama kwenye mpaka, pale bidhaa zinapopita, anaweza kujenga nyumba ya gorofa. Munganga wa kijijini na mwalimu wa darasa la kwanza hawana kitu cha kupitisha. Kwa hiyo anayesema « watumishi wa Leta ni matajiri » na anayesema « watumishi wa Leta ni maskini » wote wawili wanasema kweli, lakini hawasemi juu ya mtu mmoja.

Katika Februari 2004 Leta na masendika walipatana huko Mbudi, Kinshasa: mtumishi wa chini kabisa alipaswa kufika dola 208 kwa mwezi, na wa juu kabisa mara 10 yake. Miaka ikapita, karatasi ikabaki karatasi. Tangu mwaka 2011 Leta ilianza kulipa kwa njia ya benki, na mahali pasipo benki Caritas ilipewa kazi ya kupeleka feza za walimu mpaka vijijini. Mwaka 2006 Katiba ilisema shule ya msingi ya Leta ni bure. Katika Septemba 2019 jambo hilo likaanza kufanywa kweli. Watoto wengi wakarudi darasani, nasi tumshukuru Mungu. Lakini mwalimu aliyekuwa akiishi kwa feza za wazazi alipoteza sehemu ya chakula chake kabla ya Leta kujaza pengo, na wenzake wengi wasio na matrikule hawakupata kitu kabisa. Mwaka 2021 walimu wa masomo ya Kikatoliki wakagoma tena. Haki ya mtoto ilikuwa haki ya kweli. Lakini haikufaa kulipwa kwa sahani ya mwalimu.

V. Eklezya inasema nini?

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba haitoshi mtu kukubali mshahara. Mwenye njaa hukubali chochote. Mshahara lazima utoshe kumlisha mfanyakazi mwenye maisha ya kiasi. Pio XI, mwaka 1931, aliweka vipimo vitatu: mahitaji ya mfanyakazi na jamaa yake, hali ya kompani, na faida ya watu wote. Yoane XXIII, mwaka 1961, alikataa kwamba mshahara uachwe kwa mashindano ya soko ao kwa mapenzi ya wenye nguvu. Yoane Paulo II, mwaka 1981, alifundisha kwamba mshahara wa haki ni kipimo cha haki ya mambo yote ya uchumi, na kwamba wako pia mabwana wa kazi wasioonekana: sheria, desturi na mipango inayomfunga yule anayelipa.

Tukitumia vipimo hivi, jibu linaonekana. Kabla ya 1960 mtumishi wa Leta na mtu wa Kompani wote walionewa kwa sababu ya rangi. Baada ya miaka ya 1970 mtumishi wa Leta alilipwa kidogo kupita mwenzake wa Kompani, alilipwa kwa kuchelewa, na sehemu iliyobaki aliachiwa aichukue kwa raia. Kwake yeye hiyo si haki. Kwa raia ni udhalimu wa pili.

Wengine watasema: Je, Yoane Mbatizaji hakuwaambia askari waridhike na mshahara wao, na watoza kodi wasitoze kupita kiasi? Ndiyo, aliwaambia. Lakini tusome vema: awezaye kuambiwa aridhike na mshahara ni yule aliyelipwa. Na mtume Yakobo anafundisha kwamba mshahara ulioshikwa na tajiri unalia mpaka masikioni mwa Bwana. Leta nayo, inaposhika mshahara, inasikiwa vile vile mbinguni.

VI. Nasi tufanye nini?

Katika kitubio, tusimtendee karani mnyonge kama mwizi mkubwa, wala tusimwambie kwamba matabishi si kitu. Tumwulize: uliyemtoza alikuwa nani? Je, mjane alirudi nyumbani bila karatasi yake? Shida yake inapunguza uzito wa kosa. Haibadili machozi ya mjane.

Katika masomo yetu, padri anayeongoza shule aonyeshe hesabu wazi mbele ya walimu na wazazi. Mwalimu anayejua feza zimekwenda wapi anaweza kuvumilia. Mwalimu anayefichwa hawezi.

Mwisho, tutazame nyumbani kwetu. Nilisema kwamba kijana wa Kabwe alitoka katika ualimu wa misioni kwa sababu mshahara haukumtosha kujenga nyumba ya kikristu. Sisi si Leta, wala si Kompani, lakini tuna mlinzi wa usiku, mpishi, mfanyakazi wa shamba, mwalimu wa shule yetu, na katekista anayetembea kilometa nyingi kwa miguu. Tukiwalipa kwa baraka peke yake, kwa mdomo gani tutaikemea Leta? Na kile tusichowalipa, nani anawalipia? Ni wake zao, katika mashamba yao, alfajiri.

Na yule kijana aliyebisha mlangoni, mfungulie, mkaribishe kiti. Mwambie achague kazi anayoiweza, ya Leta ao ya kompani, lakini kabla ya kutia sahihi aulize maneno matatu: nitapewa nini, pamoja na nini, na nani atakayelipa. Akiona kwamba mlipaji wa kweli atakuwa mama wa sokoni, ajue kwamba mshahara ule, hata ukiwa mkubwa, si wake.